Mtoto Hajui Kusema, Lakini Anasikia: Mwaka wa Kwanza wa Mtoto Nyumbani Diff

Mtoto anapofikishwa kliniki, mambo mawili hukaguliwa kwanza: uzani wake na chanjo zake. Jambo la tatu limo katika kijitabu kilekile cha Afya ya Mama na Mtoto ambacho mama hupewa anapoanza kliniki ya ujauzito, ila mara nyingi hupitwa haraka. Nalo ni swali jepesi: mtoto anafanya nini? Anatabasamu akichekewa? Anageuka akisikia sauti? Anashika anachopewa? Ameanza kuketi?

Wakazi wa Diff wana sababu ya kulipa swali hili uzito. Mji uko Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia, na safari ya kwenda hospitali kubwa ni ndefu na ya gharama. Si rahisi mtaalamu wa masikio au wa viungo akutane na mtoto kwa bahati tu. Anayeweza kugundua mapema kwamba mtoto hasikii vizuri, au kwamba upande mmoja wa mwili wake una udhaifu, ni mama yake, ayeeyo wake, au dada anayembeba kutwa. Na mapema ndiyo hutofautisha mambo, kwa sababu katika miezi 12 ya kwanza ubongo wa mtoto huongezeka ukubwa karibu maradufu. Hakuna mwaka mwingine wa maisha ambapo unakua kwa kasi hiyo.

Ubongo huo haukui kwa chakula peke yake. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya njema, lishe bora, usalama, mlezi anayeitikia mahitaji ya mtoto, na nafasi ya kujifunza tangu kuzaliwa. Nguzo tatu za kwanza zimezoeleka. Huzungumzwa msikitini, barazani na kwenye redio. Mbili za mwisho ndizo husahaulika, na ndizo zisizohitaji pesa.

Mazungumzo ya kwanza

Mtoto wa miezi miwili hutoa sauti, kisha hunyamaza na kumtazama aliye mbele yake. Anasubiri jibu. Mkubwa akimjibu, hata kwa kuiga sauti ileile, mtoto hutoa nyingine. Hayo tayari ni mazungumzo. Kila zamu ya namna hiyo huimarisha njia za mawasiliano ndani ya ubongo, zile ambazo baadaye atazitumia kusema, kuhesabu na kusoma. Mtoto anayetoa sauti kila siku bila kujibiwa huishia kunyamaza, na utulivu huo usidhaniwe kuwa ni adabu.

Mila ya Kisomali imelielewa jambo hili tangu zamani. Mama humwita mtoto wake "hooyo", jina lilelile ambalo mtoto atamwita yeye, na baba vivyo hivyo humwita mwanawe "aabo". Mtoto husikia neno hilo kutoka mdomoni mwa mama mara nyingi kwa siku, akiwa anatazama uso wake. Bembelezi ambazo akina ayeeyo huimba usiku nazo zinafanya kazi hiyo hiyo: mdundo mmoja, maneno yaleyale yakirudiwa, sauti ya mtu anayemjua. Wazazi wadogo wanaoona aibu kuimba, au wanaodhani nyimbo za simu zinatosha, wanaacha kitu kizuri walichorithi bure.

Lugha ya kutumia ni ile inayotiririka nyumbani. Wapo wazazi wanaojitahidi kumsemesha mtoto mchanga Kiswahili au Kiingereza ili akienda shule asipate taabu. Haina haja. Mtoto anayesikia Kisomali kingi, chenye hadithi, majina ya ngamia na mizaha, anajenga msingi ambao lugha za shule zitakuja kusimama juu yake. Kinachomkosesha mtoto lugha ni ukimya.

Simu, kwa upande wake, haifundishi mtoto wa umri huu kuzungumza, kwa kuwa haimsubiri na haimjibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2019 unasema wazi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo. Mwongozo huohuo unashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, kidogo kidogo, hadi itimie angalau dakika 30 kwa siku. Mkeka uliotandazwa kivulini unatosha. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo hupata nguvu. Wakati wa kulala usingizi, alazwe chali. Na asifungwe mgongoni au kuwekwa mahali asipoweza kujinyoosha kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ashushwe, apige mateke, kisha abebwe tena.

Anayelea ni nani hasa?

Ushauri mwingi wa afya huandikwa kana kwamba mama ameketi na mtoto kutwa nzima. Msimu wa kiangazi hali haiwi hivyo. Silanga ikikauka, mama huondoka alfajiri na punda na mitungi, au hukaa foleni ya lori la maji hadi jua lipande. Mtoto wa miezi saba hubaki na dada wa miaka tisa au kumi, au na ayeeyo ambaye macho yake yameanza kuchoka. Huyo aliyebaki ndiye mlezi wa saa hizo, na ndiye anayepaswa kujua haya yote. Kumwambia mama pekee ni kufikisha nusu ya ujumbe.

Habari njema ni kwamba dada wa miaka kumi ni mwalimu hodari kuliko wengi wanavyodhani. Hachoki kurudia. Akionyeshwa mara moja, atacheza mchezo wa kujifunika uso kwa leso na kujifunua mpaka mtoto acheke kwikwi, na mchezo huo humfundisha mtoto kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Ataweka kijiko ndani ya kikombe cha plastiki, atakitoa, atampa mtoto ajaribu. Atafunga mahindi machache ndani ya chupa tupu yenye kifuniko kilichokazwa na kuitikisa upande wa kushoto, kisha wa kulia. Atataja jina la kila kitu wanachokiona: mbuzi, moto, maji, mkono. Hakuna kifaa cha kununua dukani hapo. La kuangaliwa ni kwamba kitu chochote anachopewa mtoto kiwe kikubwa kuliko kinachoweza kuingia kooni, na kiwe kimeoshwa, maana kila kitu kitaishia mdomoni.

Akina baba nao wana nafasi. Baba anayerudi na mifugo baada ya wiki kadhaa hukuta mtoto anayemlilia kwa woga, hasa kati ya miezi minane na kumi. Hiyo ni dalili nzuri: mtoto ameanza kutofautisha anayemjua na asiyemjua. Dawa yake ni baba kukaa karibu, kuzungumza kwa sauti ya chini na kumwacha mtoto asogee mwenyewe. Siku mbili tatu hutosha kwa wengi.

Ratiba ya mwili

Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kinatoa umri wa kawaida wa kila hatua, na kwa makusudi hakitoi siku moja bali kipindi. Tabasamu la kumjibu mtu huja kati ya wiki 4 na 6. Kukaza shingo ni kati ya mwezi 1 na 3. Kugeukia sauti ni miezi 2 hadi 3, na kunyoosha mkono kushika kitu ni miezi 2 hadi 4. Kuketi ni kati ya miezi 5 na 9, kusimama kati ya 7 na 13, na kutembea kati ya 12 na 18. Maneno ya kwanza huweza kuja wakati wowote kati ya miezi 10 na 24.

Upana huo una maana. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya nzuri nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2006 yalionyesha kuwa kuna waliotembea wenyewe kabla ya miezi tisa na wengine baada ya miezi 17, wote wakiwa wazima. Watoto wachache, takriban 4 kati ya kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walijiburuta au waliruka hatua hiyo wakasimama. Kwa hiyo mama asikose usingizi kwa sababu mtoto wa jirani ametangulia kuketi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye ahesabiwe umri wake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa miezi miwili mapema na sasa ana miezi minane, alinganishwe na wa miezi sita.

Lakini uvumilivu una mpaka, na hapa ndipo watoto wengi hupotezewa muda. "Hata mjomba wake alichelewa kusema" ni maneno yanayofariji, ila hayapimi masikio. Mtoto wa miezi mitatu asiyetabasamu wala kumtazama mtu usoni, mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado inaanguka au ambaye ngumi zake hazifunguki, mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, na mtoto wa miezi tisa asiyeketi: hao wapelekwe kituo cha afya bila kungoja mwezi mwingine. Vivyo hivyo mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka. Watu hufurahi wakidhani ni wa mkono wa kushoto, kumbe huo wa pili huenda una udhaifu. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa akifanya jambo, kisha akaacha, ni wa kupelekwa haraka.

Masikio yanaweza kupimwa nyumbani kwa njia ya awali. Mtu mmoja amshughulishe mtoto kwa mbele, mwingine akae nyuma yake asipoonekana, atikise ile chupa ya mahindi kwa utulivu karibu na sikio moja, kisha jingine. Mtoto wa miezi sita anayesikia atageuka. Asipogeuka baada ya majaribio kadhaa, siku mbili tofauti, aonwe na daktari. Usaha unaotoka sikioni nao utibiwe kituoni. Mafuta ya kupikia hayafai kumiminwa humo.

Umanjano wa macho na ngozi katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa ni jambo lingine lisilongoja. Ukizidi huweza kuharibu ubongo na masikio ya mtoto moja kwa moja, na kumwanika juani si tiba ya umanjano mkali.

Kiangazi, chakula na mchezo

Hadi miezi sita, mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hata joto la Diff halibadilishi hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Maji yenye sukari, samli na maziwa ya ngamia hujaza tumbo dogo na kuleta wadudu wa kuharisha. Mama anayenyonyesha ndiye anayepaswa kunywa maji zaidi na kupewa sehemu nzuri ya chakula.

Baada ya miezi sita maziwa ya mama hayatoshi tena, hasa kwa madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa na akiba yake. Chuma kikipungua, mtoto hupungukiwa damu na ubongo hupungukiwa na kinachohitajika kujifunza. Uji mwepesi wa unga na sukari hausaidii sana. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kijikoni bila kumwagika, uongezwe samli au maziwa yaliyochemshwa, na kila inapowezekana mtoto apate nyama iliyosagwa sana, ini lililopondwa, yai, maharagwe au dengu. Hata nyirinyiri inaweza kulainishwa kwa mchuzi na kupondwa. Aanze kwa vijiko vichache mara mbili kwa siku. Akifika miezi tisa ale mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Maziwa ya ngamia, ng'ombe au mbuzi yachemshwe kila mara, kwani mabichi hubeba bruselosi. Chai asipewe, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa mwilini. Asali ingoje mpaka mtoto apite mwaka mmoja.

Ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha, uliacha familia nyingi za kaskazini mashariki bila mifugo ya maziwa. Mtoto anapokosa chakula, kitu cha kwanza anachoacha ni kucheza, maana mwili unaokoa nguvu. Hachezi, kwa hiyo hachezeshwi. Hachezeshwi, kwa hiyo hajifunzi. Ndiyo maana taratibu za Shirika la Afya Duniani za kutibu utapiamlo mkali zina hatua kumi, na mojawapo, ya tisa, si dawa wala maziwa maalumu: ni kumchangamsha mtoto kwa mchezo na upendo. Mama ambaye mtoto wake anapewa pakiti za lishe ya njugu anapaswa kujua kwamba kumchezesha baada ya kumlisha ni sehemu ya tiba.

Ushahidi wa jambo hili umetoka mbali. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama jinsi ya kuzungumza na kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na makopo na mabaki ya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Nyumba hizo hazikuwa za watu wenye uwezo.

Tangu 2023 nchi nzima ina wahamasishaji wa afya ya jamii wanaofika nyumba kwa nyumba. Wanapopita, mzazi aombe mtoto aliyetimiza miezi sita apimwe mzunguko wa mkono. Chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo unaohitaji msaada. Chini ya 11.5 ni hatari ya kupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Mhamasishaji huyohuyo aulizwe pia kuhusu hatua za ukuaji. Ni swali lake kama lilivyo la uzani.

Yanayoharibu

Mtoto anapoanza kuota meno, homa ndogo au kuharisha hulaumiwa ufizi, na wengine huwapeleka watoto kung'olewa yale meno machanga ambayo bado hayajatoka. Vivyo hivyo kukatwa kimeo na kuchomwa ngozi kwa chuma cha moto. Hakuna ugonjwa unaoponywa hivyo. Kinachotokea ni damu kumwagika, tetenasi au maambukizi mengine, na meno ya kudumu kuharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya kituo cha afya, zinki na kuendelea kunyonya.

Wanja nao ni wa kufikiriwa upya. Aina nyingi za wanja wa kienyeji zina madini ya risasi, ambayo huingia mwilini mtoto anapojisugua macho kisha kunyonya vidole. Risasi huathiri akili hata kwa kiasi kidogo, na madhara yake hayaonekani kwa macho mpaka mtoto afike shule.

Mtoto akianza kutambaa, herio na nyumba ya mabati zote huwa na hatari zilezile: jiko lililo chini, birika la chai, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, ndoo ya maji isiyofunikwa. Mawe machache au kizuizi cha miti kuzunguka jiko huokoa ngozi ya mtoto.

Na mama mwenyewe atazamwe. Mama ambaye wiki kadhaa baada ya kujifungua halali, halii wala hacheki, na hamtazami mtoto wake, huenda ni mgonjwa. Ni ugonjwa unaotibika. Aibu na maneno ya majirani havimponyi, na mtoto wake anahitaji mtu wa kumjibu wakati mama anapata nafuu. Shangazi au ayeeyo achukue zamu.

Ziara za kliniki za mwaka wa kwanza ni baada ya kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 6 kwa vitamini A, na miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela. Kwa mji wa mpakani hakuna hata moja ya kuruka: mwaka wa 2013 polio ilizuka Dadaab, kaunti jirani ya Garissa, na watu 14 wakaugua nchini. Familia inayohamia malisho, hata upande wa pili wa mpaka, isafiri na kijitabu cha mtoto ili kituo chochote kiendelee pale kingine kilipoachia. Katika kila ziara, kabla ya kufunga kijitabu, mzazi amwombe muuguzi afungue ukurasa wa hatua za ukuaji na kuujaza. Dada aliyembeba mtoto njiani aingie naye chumbani, kwa sababu huenda yeye ndiye anayejua jibu.